Kumtwangia Mjukuu Mbio

Ule ulikuwa mwaka tuliokula ugali wa muhogo tangu kiangazi mpaka mvua ziliporudi, maana mahindi yetu kule Magamba yalikaukia shambani hayajafika hata kiunoni. Tuliula na dagaa wa ziwani, tumbo likajaa, roho ikabaki na njaa yake. Ndiyo maana kila alfajiri, nyumbani Kawajense, ungenikuta kwenye kinu natwanga makopa, ule muhogo mkavu.

Mjukuu wangu aliuza dawa kwenye duka moja Kashaulili, na kabla ya kazi alikimbia. Alikuwa amejiandikisha mbio ndefu za mji mwingine. Alinieleza mazoezi yake mara moja nikaelewa, ingawa darasani sikukaa sana: unakimbia kwa nguvu mpaka maneno yanakwisha mdomoni, halafu unajikongoja mpaka pumzi irudi, halafu nguvu tena. Siku nyingine unakwenda taratibu tu, mwendo wa kupiga soga. Shida ilikuwa simu ya kumpimia muda. Kila akiitazama, anajikwaa.

"Mke mwenza," akaniambia, ndivyo tunavyotaniana, "wewe si unatwanga? Nikisikia mchi, nakimbia. Ukiacha ukachekecha unga, napoa."

Barabara inapita mbele ya uwanja wetu, inashuka mpaka kwenye kalavati. Nikitwanga, anachomoka. Nikishika chekecheo, anapoa. Vijana wa bodaboda walipita wakipiga honi: "Kocha! Bibi kocha! Na sisi tutwangie!"

"Nyie nitawatwanga vichwa," niliwajibu. Lakini moyoni nilikuwa natamba. Kwenye mtaa wetu hakuna mwanamke wa rika langu anayetwanga mchi usiyumbe, na mwendo wa yule mtoto ulitoka mkononi mwangu.

Halafu mzee wa nyumba ya pili akaja kunilalamikia. "Mjukuu wako siku hizi anaringa? Ananipita hata shikamoo hakuna."

Nilimuuliza mjukuu wangu. Akasema, "Siringi, Bibi. Pumzi haitoshi."

Na siku aliyompita mzee ilikuwa siku ya mwendo wa soga. Tangu hapo nilimwangalia vizuri. Siku ya taratibu alikimbia kama ya nguvu, siku ya nguvu alirudi midomo ina rangi ya majivu, kiganja kimebana chini ya titi la kushoto. Kiganja kile nakijua. Mama yake, kitinda mimba wangu, alikwenda kuchota maji amejishika hivyo hivyo. Ndoo ililetwa na jirani. Yeye aliletwa kwenye mkeka.

Nikamburuta mpaka zahanati. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, mrefu kuliko nilivyopenda, akahamisha kile chombo chake huku na huku, akasikiliza tena. Akasema aende hospitali kubwa akapimwe moyo, na mpaka apimwe, atembee tu, asikimbie. Mjukuu wangu akaitikia vizuri kabisa. Tulipofika barabarani akasema, "Nitakwenda mbio zikishapita."

Asubuhi yake alisimama uwanjani, kamba za viatu amezifunga.

"Twanga, mke mwenza."

"Sitwangi. Ukitaka kufa, usife kwa mchi wangu."

Akacheka. "Basi natumia simu."

"Tumia."

Akaenda. Nikakaa kwenye kigoda, makopa mazima ndani ya kinu, mchi nimeulaza mapajani. Simu ililia kule chini, nikasikia miguu yake ikipiga ardhi haraka haraka. Ikalia tena, miguu ikapoa. Ikalia, miguu ikapiga. Kuku walikuwa hawajashuka mtini. Ikalia tena, nikatega sikio. Simu peke yake. Miguu hakuna.

Nilishuka ile barabara sijui kwa magoti ya nani. Nilimkuta amekaa kwenye kalavati, vumbi limemjaa mpaka nyweleni, kiganja pale pale chini ya titi. Simu ilikuwa chini inaendelea kulia. Aliniangalia kwa macho ya mama yake.

"Nimejikwaa tu," akasema, na maneno yalitoka vipande vipande. "Simu hii... inanikimbiza vibaya. Imebaki mbio moja ya nguvu. Rudi ukanitwangie, Bibi... hiyo moja tu."

"Sitwangi. Ukitaka kufa, usife kwa mchi wangu."