Mchoraji wa Gitega anayemwotesha mwimbaji pembe

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Musinzira mjini Gitega, Burundi, Aboubakar yuko juu ya ngazi akimwotesha pembe mwimbaji mashuhuri. Anafanya hivyo kwa heshima zote. Pembe ya kushoto imekamilika.

"Polepole," anasema. "Mtu haamki tu asubuhi akawa mbuzi."

Aboubakar, mwenye miaka hamsini na sita, huchora kuta za maduka. Ukuta mmoja humlisha wiki mbili, mvua ikimhurumia. Sura ya Yakobo Sukari, ambaye nyimbo zake zimepigwa kwenye harusi nyingi kuliko ndoa zilizodumu, aliichora yeye mwenyewe kwenye ukuta wa baa ya Thomas, inayouza brosheti, yaani mishikaki. Kila kiangazi aliirudishia tabasamu.

Ng'ambo ya barabara kuna Vumilia, fundi wa nguo. Kwa miaka tisa cherehani yake ilitazama ndani, naye akaipa barabara mgongo. Majirani walisema anaringa, wateja wakampita. Aboubakar alidhani anakimbia jua, akamtundikia turubai.

Mwaka jana alimpelekea suruali iliyopasuka mahali pasipotajwa gazetini.

"We mwanangu, hata kivuli nimekuwekea. Barabara imekukosea nini?"

"Si barabara, mzee. Ni huyo wako wa ukutani."

Ndipo Vumilia akamweleza. Huko Muyinga, alikokuwa akishona kabla ya kuja Gitega, akiwa na miaka ishirini na minne, alikwenda kumpima Sukari koti la jukwaani. Sukari akafunga mlango, akamshika kwa nguvu. Vumilia alimchoma mkasi mkononi, akatoroka.

"Mi nilisema siku ileile," anakumbuka. "Wakanicheka: 'Staa mzima akutake we, fundi wa viraka?' Wenzangu wawili yaliwapata hayohayo, lakini waliniambia kwa kunong'ona tu. Wakati ule habari kama hizo hazikwenda redioni. Zilitoka sikio hili zikaingia lile, zikaishia hapo."

Mwaka huu mwanamke mwingine amesema redioni, na Sukari ameitwa mahakamani.

"Kumbe mi ndiye nilikuwa namng'arisha kila mwaka," anasema Aboubakar. Anafuta brashi iliyokwisha kutakata.

Alimwomba Thomas sura ile ifutwe. Thomas, aliyekulia Tanzania, alikataa kwa adabu.

"Mzee wangu, ukuta ni wangu, na sura inaleta watu. Kuongeza uzuri, ongeza. Kufuta, hapana."

Basi Aboubakar akaongeza. Kwanza ndevu. Kisha masikio yakarefuka, pua ikashuka. Wateja wakabishana: huyu amezeeka, au anaumwa? Macho yalipogeuka manjano, wakaacha kubishana, wakaagiza nyama ya mbuzi.

"Huyu haimbi," Thomas anakiri, "lakini analisha."

Wiki iliyopita Vumilia aligeuza cherehani. Alitazama barabara mchana kutwa bila kushona hata kifungo. Anasema alicheka mpaka akalia, au alianza na kulia, hakumbuki vizuri.

Sasa anajiandaa kurudi Muyinga, afungue duka mtaa uleule walikomcheka. Kibao cha duka atakichora Aboubakar, ambaye leo ameshuka ngazi kuuliza vipimo.

"Jina liwe kubwa kiasi gani, mwanangu?"

"Kubwa, mzee. Walionicheka walisome wakiwa bado mbali, wapate muda wa kufikiria watanisalimia vipi."