Pini Moja Mbele ya Wakwe

Chekeni kwanza mmalize, maana najua habari zimeshawafikia: ndiyo, ni mimi niliyevuliwa suruali na kitambaa cha meza, mchana kweupe, mbele ya wakwe, birika la maji ya kunawa likiwa mkononi. Lakini mnavyoisimulia huko Mowlem sivyo ilivyokuwa, kwa hiyo niacheni niiseme mwenyewe.

Binamu yangu Mwende alikuwa anaolewa na kijana wa Kiluhya, na Susu (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya) akaamua familia hizi mbili zifume kitambaa kimoja. Sisi tufume nusu, kila mtu safu zake, kisha siku ya wageni tuwakabidhi wamalizie, kwa uzi uleule, bila kuukata. Safu saba za kwanza alizifuma mwenyewe mwaka jana, kabla presha ya macho haijampofusha kabisa. Hizo, zikiharibika, basi.

Nami, mwenye digrii ya sosholojia, nikauliza mbona tusinunue kimoja dukani tuendelee na maisha, na tena ni lini uzi ulianza kutengeneza undugu. Anti Mbithe akanitupia sindano ya kufumia, ile yenye kichwa cha ndoano. "Wewe utakuwa wa mwisho," akasema, "labda maswali yataisha kabla ya zamu yako."

Hayakuisha, ila nilifuma, safu mbili zilizopinda vibaya, na Anti akakipitishia kitanzi cha mwisho pini ya nepi ili kazi yote isifumuke. "Usiiguse!" Nikasema sawa.

Sasa siku yenyewe, wageni wako getini wanasalimiana, mimi nainama sebuleni kupanga viti, kifungo cha suruali kikaruka (ni suruali ya mahafali, na nimenenepa, tusiendelee). Mshipi sina. Wageni hao wanaingia. Na pale kwenye meza ndogo, mbele ya kiti cha Susu, kitambaa kimetandazwa na pini inang'aa pembeni. Nikajiuliza, kweli pini moja inashikilia ukoo mzima? Si ni dakika tano tu? Nikaichomoa, nikaifungia kiunoni, nikashusha shati. Sikuona kwamba nimeufungia na uzi humo ndani.

Nikachukua birika na beseni, nikaanza kuwanawisha wageni mmoja mmoja, nikizunguka sebule nzima kwa heshima zote. Wa mwisho alikuwa baba wa bwana harusi, Mzee Wekesa, karani mstaafu wa reli, aliyeketi karibu na Susu. Akakitazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Kijana, hiki kitu chenu kinapungua? Nilipoketi kilikuwa kinafika hapa."

"Kioko!" Anti akapiga kelele. "Simama hapo hapo!"

Nikasimama. Uzi ulikuwa umepita juu ya viatu vya ujumbe mzima wa wakwe na kupanda moja kwa moja hadi kwenye zipu yangu. Safu zangu zimekwenda, za Mwende zimekwenda, za mama, za Anti.

"Leteni makasi!" Anti akaongeza.

"Hakuna kukata uzi mbele ya wakwe," Susu akasema. Kisha, polepole, "Kioko, umefika wapi?"

"Kwenye zako, Susu. Nusu ya safu ya saba."

Susu alinyoosha mkono akapapasa meza, na Mzee Wekesa akawahi kutia kidole ndani ya kitanzi.

"Nimeshika. Haya, toa hiyo pini."

"Mzee, siwezi."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo swali pekee maishani nililotamani lisiulizwe. Nikaweka beseni chini, nikaichomoa: mkono mmoja birika, mwingine pini, suruali haikuwa na mtu. (Ndiyo, ningeweza kuliweka birika chini. Nimeshaambiwa.) Ikashuka hadi kwenye vifundo vya miguu, na boksa yangu yenye picha za ndizi ikakaribisha wageni.

Pini ilikuwa imepinda, na Anti alikuwa ameificha sindano mahali salama asipopakumbuka. Kwa hiyo kuku alipoletwa, Mzee Wekesa bado alikuwa na kidole ndani ya kitanzi.

"Yaani Mluhya akae mbele ya kuku mkono wa kulia umefungwa?"

"Kioko atakulisha," Susu akasema.

Nikamlisha, nimejifunga leso ya Susu, tonge kwa tonge. "Hapana, hiyo ndogo. Ile ya paja." Hadi leo ananiita mama.

Jumatatu asubuhi nilikuwa sokoni Kariokor nikinunua mshipi mpana wa ngozi, na nimeapa sitagusa tena pini kabla ya kujua inashikilia nini. Kitambaa kinafumwa upya, na safari hii wakwe wanakuja kila Jumapili kufuma pamoja nasi. Ile nusu ya safu hakuna aliyethubutu kuigusa. Susu aliifuma mwenyewe kwa kupapasa, mimi nikimshikia uzi, ikatoka imepinda kama zangu. Nilitaka kumuuliza kama amefanya makusudi.

Nikakaza mshipi, nikanyamaza.