Safu Niliyoificha

Nilidanganya mwanzoni kabisa, na afadhali niliseme hilo kabla ya mengine yote. Mwanasayansi wa udongo aliyekuwa akitafuta mtu wa kumsafishia takwimu, yaani kuziondolea makosa, aliniuliza kama nimewahi kushughulika na mashamba ya nchi za baridi. Nikajibu ndiyo. Sikuwahi. Kuchambua takwimu nilijifunza mwenyewe kwa video, kwenye meza ya jikoni kwetu St Marys, kitongoji cha magharibi mwa jiji, na theluji nilikuwa nimeiona kwenye video vilevile.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Mji ulikuwa umefungwa, na sisi wa vitongoji vya magharibi tulifungwa kuliko wengine. Helikopta ya polisi ilipita juu ya mapaa hadi ukaacha kuinua kichwa. Mama alikuwa na kibali cha kwenda kazini, kwenye nyumba ya wazee karibu na Westmead. Mimi sikuwa na pa kwenda. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza isiyohitaji glavu, na niliogopa kuipoteza kuliko nilivyoogopa ugonjwa.

"Kwa hiyo mimi nasafisha wazee, wewe unasafisha udongo," Mama alisema. "Ukoo wetu una kipaji."

"Siyo udongo, Mama. Namba za udongo."

"Namba nazo huchafuka?"

Zilitoka kwenye mashamba mawili yaliyopakana, katika nchi ambako ardhi huganda kwa miezi. La kwanza lililimwa na kutiwa samadi kabla ya baridi, likaachwa tupu. La pili liliachwa na mabua yake, na samadi ikasubiri wakati wa kupanda. Mpimaji alifunika udongo kwa makopo na kupima gesi iliyotoka, hasa ile itokanayo na samadi, ambayo hunasa joto angani kuliko hewa ya ukaa kwa mbali sana. Swali lilikuwa moja: ni shamba lipi linalotoa zaidi?

Mimi napenda jedwali lililotulia. Safu ya mwisho ilikuwa na maelezo ya mpimaji: sentensi nusu nusu, tahajia ya ovyo, herufi kubwa zisizo na sababu. Iliniwasha macho. Siku ya kwanza tu niliificha. Kisha nikakuta namba zilizonitisha: wiki nyingi mstari wa grafu umelala chini, halafu kwa siku chache unapanda kama ukuta, kisha unalala tena. Nikaziita makosa ya kifaa, nikazifuta. Bila hizo mashamba yalilingana vizuri. Nikatuma. Mwanasayansi akanishukuru, akasema kesho yake asubuhi, kwa saa za kwao, angewaambia wakulima kwamba samadi ya kabla ya baridi haina neno.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya Mama. Saa tano tulikaa mbele ya televisheni, kama kila mtu, kusikiliza idadi ya wagonjwa wapya.

"Imeruka tena," Mama alisema.

"Labda wamekosea kuhesabu," nikasema, bila hata kufikiri.

Akanigeukia. "Wamekosea? Jana nimewafungashia wazee watatu nguo za kwenda hospitali. Njoo kazini kwangu uone hilo kosa, binti."

Nilirudi kwenye kompyuta. Nikafungua safu niliyoificha. Kwenye kila siku niliyoifuta, mpimaji alikuwa ameandika kitu. Theluji inayeyuka. Buti zimezama, kopo nimelivuta kwa mikono miwili. Juu matope, chini bado barafu. Zilikuwa siku zilezile za mwanzo wa joto, kila mwaka.

Nikaanza kusoma nilichopaswa kusoma kabla ya kusema ndiyo. Barafu huifungia gesi ardhini. Ikiyeyuka, gesi hutoka, na vijidudu vya udongo huamka katikati ya maji na samadi, vikatoa nyingine tele kwa siku chache tu. Sehemu kubwa ya gesi ya mwaka mzima inaweza kutoka katika siku hizo. Nilizirudisha, na shamba la samadi ya mapema likasimama juu ya jirani yake.

Ilikuwa saa saba mchana. Huko kulikuwa bado usiku. Angeamka saa kumi jioni yetu, na muda mfupi baadaye angesimama mbele ya wakulima. Niliandika barua pepe, nikaifuta, nikaandika nyingine. Nilibadilisha koma. Nilibadilisha salamu. Mama alikuja na chai, akasoma polepole, kidole kwenye skrini.

"Hapa umesema kosa limetokea. Limetokea lenyewe?"

"Nikisema ni mimi, atajua sikuwahi."

"Hukuwahi nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alivuta kiti.

"Udongo unaganda kweli? Kama nyama kwenye friji?"

"Kama nyama."

"Huko kwetu kilimani, tulikotoka, usingejua. Lakini si ungeuliza?"

Nilituma saa kumi kasoro dakika tano: siku hizo nilizifuta mimi, na sijawahi kufanya kazi na udongo wa baridi. Kisha nikakaa nikiiangalia skrini. Mama aliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jibu lilikuja baada ya nusu saa, fupi. Mkutano ameuahirisha. Kazi yangu kuanzia sasa itakaguliwa na mtu mwingine, kama nitabaki. Hilo ataamua baadaye. Kwanza anataka orodha ya kila mstari nilioufuta, na sababu yake pembeni.

Nikafungua jedwali jipya, safu ya sababu ikiwa ya kwanza. Kwenye mstari wa kwanza niliandika "kosa la kifaa". Nikafuta. Nikaandika, "Sikujua. Sikuuliza." Ningeweza kunakili hadi chini kwa mara moja. Niliandika mstari kwa mstari, na kila mara nilisoma kwanza alichoandika yule mwenye buti.