Nilivyoomba nyimbo za kilio kwenye nyumba isiyo na msiba

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Haya yalinipata mimi mwenyewe enzi za Zaire, na siongezi chumvi.

Nilikuwa nasoma masters ya muziki Ubelgiji. Kwa muziki sijawahi kujidharau: nasikia wimbo mara moja, naandika nota zake zote.

Thesis yangu ilihusu nyimbo za kilio za kwetu, zile wanawake wanaimba msibani. Nikapewa kinasa sauti na wiki tatu za kurudi nyumbani kurekodi. Bila kaseti, hakuna digrii.

Nikafika kwa wazazi, kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Siku ya pili nikamwita Mama Kalonda, kiongozi wa waimbaji, na wenzake watano. Nikawapa chai, nikabonyeza kitufe, nikasema imbeni.

Wakaweka vikombe chini.

"Ni nani alikufa mu hii nyumba?" akauliza Mama Kalonda. "Baba yako iko pale anakula bukari. Weye unataka tumulilie muzima?"

Baba akasukuma sahani yake ya ugali. Mama yangu akanitoa nje, mimi na mashine yangu.

Jamani! Mtoto wa Likasi nimesahau kwamba nyimbo hizo haziimbwi mahali ambapo hajafa mtu. Ni kama kuuita msiba uje. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Wiki ya mwisho akafariki jirani yetu, Baba Mwape, fundi wa tanuru, aliyenifundisha gitaa. Nakiri, kitu cha kwanza nilichowaza ni kaseti. Nikajichukia.

Mashine nikaiacha nyumbani. Nikabeba viti, nikachota maji, nikakaa chini na wengine. Wimbo ulipoanza nikaitikia, machozi yakanitoka.

Siku ya tatu Mama Kalonda akanambia, "Mwana, leta mashine yako. Sasa umelia na siye." Mjane naye akakubali. Nikarekodi mbele ya wote, huku naimba.

Kwenye defense ya thesis kule Ubelgiji, profesa mmoja akasimamisha kaseti. Akauliza, huyu mwanaume anayeharibu wimbo ni nani, na kwa nini sikumwondoa?

Nikamjibu, "Ni mimi. Namlilia mwalimu wangu wa gitaa."

Akaiwasha kaseti tena, wimbo ukaendelea hadi mwisho. Nikapita.

Nilichojifunza: kwanza kaa na watu msibani, kurekodi baadaye. Je, huko kwenu kuna nyimbo zisizoimbwa ovyo? Semeni, na wa kunicheka anicheke tu.