Mahesabu na Trekta Lililolegea

Kaka yangu mkubwa watu wanamwita Mahesabu, na hawakumpa jina hilo bure. Akimaliza kazi yoyote, iwe ya trekta zima au ya pampu ndogo ya maji, hutandika gunia chini, hupanga spana zake kwa ukubwa, kisha huzihesabu kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ikikosekana moja, hakuna anayeondoka. Mvua inyeshe, chai ipoe, mwenye trekta anune mpaka apasuke. Fundi aliyemfundisha kazi aliwahi kusahau spana ndani ya giaboksi la mtu, na meno ya gia yakasagika yote. Kaka alikuwapo siku hiyo, akala kiapo kwamba yeye hataacha kitu ndani ya mashine. Mimi ndiye dada yake, ninayemfuata kuzaliwa, na nakwambia mtu wa namna hiyo ni shida kuishi naye. Anahesabu hata vijiko.

Karakana yake ni banda la mabati nyuma ya nyumba ya mama. Sakafu imekuwa nyeusi kwa mafuta, na ukutani kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili pengo lionekane mara moja. Chini ya meza kuna ndoo ya matambara. Nguo zote za nyumba hii huishia humo: magauni yangu, mashuka, mashati yaliyokatika kola. Mchanaji ni mimi. Mwaka jana nilichana pazia la chumbani kwa mama, la bluu lenye maua meupe, na mama akaninunia siku nzima. Matambara hayo kaka huyachota kwa konzi, hufutia, hutupa. Hayo hayahesabu, maana nani anahesabu matambara?

Trekta lilikuwa la marehemu baba. Linalima shamba la mama na mashamba ya majirani, na ndilo linalotulisha. Kaka analitengeneza, na mdogo wetu wa mwisho ndiye dereva. Naye ana jina lake, Taratibu, kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu chochote, hata kuoa. Anaendesha kana kwamba amebeba mayai. Nimepanda naye mara nyingi nikipeleka mbegu, na mguu wake wa kushoto naujua: hukaa kwenye ubao wa kuwekea miguu, haugusi klachi mpaka anapobadilisha gia.

Mwaka huu mvua za kwanza ziliponyesha, trekta likaanza kulegea. Asubuhi linaamka na nguvu zake zote. Likishalima kwa muda, plau inatetemeka hewani kisha inashuka yenyewe, hata ukivuta wenzo mpaka mkono uchoke. Halafu na magurudumu yanakufa. Injini inanguruma, moshi unatoka, na trekta limesimama palepale kwenye matope linapiga kelele tu. Ukilizima likapumzika, linarudi na nguvu kama vile lilikuwa linatufanyia masihara.

Trekta letu hutumia mafuta yaleyale kwa kazi zote mbili. Yanakaa kwenye tumbo moja, huko nyuma chini ya kiti. Pampu huyavuta kupitia chujio lililo ndani ya tumbo hilo, na msukumo wake ndio unaoinua plau, na ndio huohuo unaobana sahani za klachi ndani ya giaboksi ili gia zishike. Msukumo ukipotea, kila kitu hulegea pamoja. Nimeyajua haya kwa kumshikia kaka karai miaka nenda miaka rudi.

Kaka hakuchukua muda kutoa hukumu. Aliitoa shambani, mbele ya majirani waliokuwa wakisubiri zamu zao.

"Umeunguza klachi," alimwambia mdogo wetu. "Unaendesha umeikanyaga."

"Siikanyagi, kaka. Hebu nisikilize kwanza. Linalia kabla ya kulegea. Kuna mlio kama filimbi hapa chini ya kiti, ndipo nguvu zinakata."

"Filimbi! Siku hizi umekuwa fundi?"

"Sasa klachi iliyoungua inapona kwa kupumzika?"

Swali lilikuwa zuri, na nadhani ndiyo maana lilimuudhi. Alimpokonya ufunguo palepale. Mdogo wetu alirudi nyumbani kwa miguu, na majirani wakamtazama mguu wake wa kushoto kama mguu wa mwizi.

Basi kaka akaanza kutafuta. Alimwaga mafuta ya zamani, akatia mapya. Trekta likalegea vilevile. Akatoa pampu, akafunga nyingine aliyoitoa kwenye trekta bovu. Ikalia nayo. Akafunga geji ya kupima msukumo, tukakodoa macho wote wawili: mshale ulipanda vizuri, ukatulia, kisha ile filimbi ikaanza na mshale ukashuka polepole mpaka chini. Mimi nilipousikia mlio ule nilikumbuka maneno ya mdogo wangu, nikashindwa kunyamaza.

"Kaka, pampu si inalia kwa sababu haipati mafuta ya kutosha? Mbona huangalii chujio la tumboni?"

"Huko niliingia mwenyewe kiangazi, nilipobadilisha sili, zile pete za mpira za kuinulia plau. Nililisafisha chujio kwa mkono wangu. Kila kitu kilihesabiwa. Huko ni safi."

Nilimjibu kwamba hata sufuria niliyoiosha mwenyewe huwa naiangalia kabla ya kupika. Akaniambia nirudi jikoni kwenye sufuria zangu. Nikaondoka na karai lake.

Shamba la mama lilibaki na mifereji michache upande mmoja, na upande mwingine magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Majirani walianza kutafuta trekta la mbali. Mama alikuwa akitoka asubuhi, anaitazama ardhi iliyolowa, anarudi ndani. Na kila tukikaa kula, kaka alirudia wimbo wake wa klachi. Hakupiga kelele tena, alisema tu, "Kama angeutoa mguu." Mdogo wetu akaacha kujibu. Baadaye akaacha kula nasi. Njaa niliiogopa, lakini nilichoogopa zaidi ni nyumba yetu kuvunjika, maana tuko watatu tu na mama ameshachoka.

Siku moja nilimkuta mdogo wetu anafunga begi. Alikuwa amepata kazi ya kuvunja mawe kwenye machimbo, safari ya kutwa kwa lori.

"Usiende," nikamwambia. "Atapoa. Unamjua kaka yako."

"Dada, kila nikiingia anautazama mguu wangu."

"Mimi nimepanda nawe. Najua hukuikanyaga."

"Unajua?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Mimi mwenyewe siku hizi sijui."

Nilimshika mkono mpaka stendi kama mtoto, nikalia mbele za watu bila haya. Lori likaondoka naye.

Kaka alipojua, alikwenda karakanani. Alivaa ovaroli, akaamua kufanya jambo ambalo fundi yeyote hulikimbia, yaani kulikata trekta katikati na kulitenganisha vipande viwili ili aifikie hiyo klachi. Tulijua wote kwamba likishatenganishwa, mvua zitaisha kabla halijarudishwa. Maji yalikuwa yameshatufika shingoni. Nikarudi na karai, maana nani mwingine angemshikia?

Kabla ya kutenganisha ilibidi amwage mafuta na kufungua kifuniko cha ubavuni. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kutafuta bomba la pampu. Nikaona uso wake unabadilika. Mkono ulisimama, ukapapasa, ukavuta taratibu. Kilichotoka kilikuwa kama panya aliyezama, cheusi, kinachuruzika. Alikibonyeza, akakikunjua kwenye mwanga. Chini ya weusi kulikuwa na maua meupe.

Lilikuwa pazia la mama. Katikati yake palikuwa na alama ya mviringo yenye vitundu vidogovidogo, muhuri wa wavu wa chujio. Kiangazi alikuwa amelifutia mafuta, akahesabu spana zake zote, akafunga kifuniko na tambara likiwa ndani. Injini ikiwaka, pampu ilikuwa ikilivuta polepole mpaka linalala juu ya chujio na kuliziba. Ukizima, linaachia na kuanguka. Kila kitu alichoambiwa na mdogo wetu kilikuwa kweli.

Alikaa chini kwenye mafuta, mtu asiyekaa hata kwenye kiti bila kukifuta, akasema, "Dada, nimemfukuza mtoto wa mama kwa tambara." Nilikuwa na maneno makali tangu siku nyingi, nimeyapanga vizuri. Nilipomwona hivyo nikayaacha, nikamshikia karai tu.

Alifunga, akatia mafuta, akaliwasha. Plau ikapanda, ikakaa juu. Tulisubiri filimbi. Haikuja. Jirani mmoja alipita akapiga makofi, akamwita fundi wa mafundi, na kaka akamgeuzia mgongo.

Jioni tulimpigia simu mdogo wetu, mimi nimeishika, sauti nimeifungulia ili kaka asikie. Nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga mawe.

"Limepona?" aliuliza.

"Limepona," nikasema. "Kaka yuko hapa, anataka..."

"Mwambie anisamehe. Nimefikiri sana huku. Ni kweli nilikuwa naikanyaga. Hata harufu ya klachi kuungua sasa naikumbuka."

Hakukuwa na harufu yoyote, siku yoyote. Kaka alininyang'anya simu.

"Mdogo wangu, hukuikanyaga. Ni tambara. Pazia la mama, nililisahau mimi tumboni kiangazi. Lilikuwa linaziba chujio. Ile filimbi yako ndiyo hiyo. Ni mimi."

Nyundo ziligonga, zikagonga. Kisha mdogo wetu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Kaka, wewe huachi kitu ndani ya mashine. Dunia nzima inajua. Asante, lakini usijipake matope kwa ajili yangu. Mimi nimeshakubali."

"Nakwambia ukweli!"

"Haya, kaka. Lala salama."

Kaka alipiga tena na tena, mwisho simu ikawa haipatikani. Alizunguka uani kama mgonjwa. Asubuhi nikamkuta karakanani anatia lile tambara kwenye mfuko wa plastiki. Nilinyoosha mkono nilichukue nikalifue, maana lilikuwa linanuka vibaya. Alilivuta kifuani.

"Usiliguse. Alama ya chujio ikitoka, hataniamini."

Alipanda lori akiwa na ovaroli lake la mafuta na mfuko ule tu. Spana aliziacha juu ya gunia bila kuzihesabu.

Mama alitoka, akaitazama ardhi yake. "Sasa nani atalima?" akauliza. Mawingu yalikuwa yanaanza kupungua. Nilipanda kwenye trekta, ingawa sijawahi kuliendesha peke yangu, nikaliwasha, nikatia gia. Halafu nikauweka mguu wangu wa kushoto kwenye ubao, pale ulipochakaa rangi kwa kisigino cha mdogo wangu.