Chai Isiyoonjwa

Médiatrice aliacha kumwamini Masoomah siku ileile walipotangaziwa kwamba nafasi ya shifti ya mchana ni moja tu. Wote wawili walikuwa wakipanga mizigo usiku katika ghala moja huko Malton, Kanada, na wote wawili waliiomba. Masoomah aliitakia nini, Médiatrice hakujali. Yeye aliitaka kwa ajili ya Joyeuse, binti yake wa miaka saba, aliyelala kwa jirani kila usiku wa kazi na ambaye juzijuzi alimwita jirani huyo "mama".

Sasa mtu unayegombea naye nafasi moja anapokujia meno yote nje, anakwambia, "Mama Joyeuse, Jumamosi twende tukaserereke kwenye theluji, tunaenda timu nzima," utafikiri nini? Médiatrice alifikiria mguu uliovunjika. Mguu wake. Mwenye plasta hapewi shifti yoyote, ya mchana wala ya usiku. Lakini msimamizi wao, Philomena, naye angekuwepo, na kukosa kungeonekana kiburi. Akamwacha mtoto kwa jirani kwa mara nyingine, akavaa suruali mbili, akaenda.

Kilimani, watu wazima wenye akili zao walikuwa wakikalia sahani kubwa za plastiki za kuserereka na kujirusha bondeni huku wakipiga mayowe. Brice, Mrundi mwenzake, alishuka kinyumenyume, akaibuka na theluji hadi puani, akapanda tena kama hakujifunza kitu. Masoomah akaburuta sahani ya watu wawili.

"Kaa mbele, mimi nitakushika."

"Kaa mbele wewe," Médiatrice akasema. Mbele ndiko miti ilikokuwa.

Wakashuka. Médiatrice alipiga kelele kumshinda Brice, na ilikuwa raha tupu, jambo lililomuudhi. Walipofika chini wazima hakushukuru. Alijiambia kwamba mwenzake ameahirisha tu.

Kisha vikaja vinywaji. Masoomah alikuwa na chupa kubwa ya kakao, akawamiminia wote, Philomena wa kwanza. Halafu akatoa mkobani kichupa kidogo cha chai.

"Hii ni ya tangawizi, haina maziwa. Si ulisema maziwa yanakusumbua tumbo? Shika, hii yako."

Yake peke yake! Kwao Ngozi, Burundi, tangu enzi za bibi wa bibi yake, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, bila kuombwa, ili ujue hakina kitu. Iwe pombe ya harusi, iwe maji matupu. Watu wamezikwa kwa kupuuza hilo, au ndivyo mama yake alivyokuwa akiapa. Médiatrice akakishika kichupa, akasubiri. Masoomah hakuonja. Hata kakao hakuigusa, na midomo yake ilikuwa imekauka kwa baridi.

"Na wewe hunywi?"

"Baadaye," Masoomah akasema, akageuka kumcheka Brice.

Médiatrice akaona ameona vya kutosha. Akaenda nyuma ya mti, akakipindua kichupa, akaimwaga chai hadi tone la mwisho. Theluji ikatoboka, ikatoa mvuke na harufu nzuri ya tangawizi na iliki. Akalifukia lile shimo kwa buti, akarudi kuserereka peke yake, taratibu, mbali na miti.

Jua la Januari halikawii kuzama. Wengine walikuwa wakikusanya sahani zao wakati Masoomah alipotazama simu, akaketi kwenye benchi, akafungua tishu iliyokuwa na tende moja. Akanong'ona maneno machache, akaila. Ndipo akamgeukia Médiatrice.

"Mama Joyeuse, imebaki chai hata kidogo? Leo nimefunga. Nalipa siku zangu za Ramadhani iliyopita."

Ramadhani Médiatrice aliijua, maana alikulia jirani na Waislamu. Lakini kufunga katikati ya Januari, siku ya kuserereka, hilo nani angelifikiria? Akakitoa kichupa. Masoomah akakitikisa, akakikuta kitupu, na uso wake ukachangamka.

"Umemaliza yote! Afadhali. Nilijua itakupasha moto."

Aibu ilimpanda Médiatrice hadi masikioni. Ukweli hakuusema. Akapekua mkoba wake, akatoa chupa ya maji, akaifungua. Akapiga funda moja mbele ya macho ya mwenzake, akameza vizuri aonekane, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili.

Masoomah akaipokea lakini hakunywa. Aliutazama mdomo wa chupa, pale Médiatrice alipoweka mdomo wake, kisha akamtazama Médiatrice mwenyewe, na kicheko chote kikamtoka usoni, kama mtu aliyepewa masazo.

"Mbona umeanza wewe?"

"Kunywa, dada," Médiatrice akasema, macho yakiwa chini. "Hayana kitu."