Hodi Moja Haifungui Mlango

"Riwaya za mazimwi ni za watoto. Mtu mzima hazimtishi."

Ndivyo alivyonikejeli jirani yangu hapa Nzuguni, mwalimu mstaafu wa fizikia.

Nikamwazima kitabu cha kwanza cha riwaya ninayoipigia kelele humu bloguni kila wiki. Ndani yake, watu wekundu waliochorwa kwenye miamba ya Kolo hushuka jua likizama na kubisha majumbani. Wao hupiga hodi moja tu, si tatu kama binadamu. Ukiitikia "karibu", umekwisha.

Leo saa nne asubuhi, jua kali, nikamwendea.

"Hodi!"

Redio ikazimwa. Nikasikia kiti kikiburutwa hadi mlangoni.

Kisha sauti nyembamba: "Maliza hodi zako!"

Jamani! Nilicheka mpaka nikakaa vumbini.

"Hodi, hodi, mwalimu!"

Mlango ukafunguka kidogo. "Karibu, Mama Neema. Cha pili umekuja nacho?"

Ninacho, na cha tatu pia. Cha nne, cha mwisho, kimelala kwa mchapishaji, eti hakina wasomaji.

Mchapishaji, najua unapita humu. Kichape! Msomaji wako yuko Nzuguni, ameegemeza kiti mlangoni.